Mpiga Taipu wa Mipaka

Kwa miaka kumi na minne mwanamke huyu aliingia saiba yangu, kiduka cha kompyuta na uchapishaji, pale madukani Buruburu, na hakuna siku hata moja aliyoketi kabla ya kupangusa kiti. Alitoa kitambaa cheupe mkobani, akapangusa kiti, akapangusa meza, akakikunja kitambaa kwa upande ulioshika vumbi, kisha akanitazama kana kwamba uchafu ule umetoka mwilini mwangu. Mkono hakumpa mtu. Mteja akilamba kidole ili atenganishe karatasi, yeye aligeukia ukuta. Alikuwa na desturi ya kupapasa chini ya meza kwa ncha ya kalamu akitafuta chingamu iliyogandishwa huko, na akiipata aliniita nije niibandue mbele ya macho yake.

Mtaani alijulikana kama mpiga taipu. Alikuwa amestaafu zamani sana, na vijana waliomwita hivyo hawakuwahi kuiona mashine ya taipu ila kwenye picha. Wengine tulimwita Madam. Kwao ni wapi na ndugu zake ni nani, sikuuliza, naye hakusema.

Alichokuja kufanya kwangu ni kuchapisha barua za malalamiko. Maji taka yakifurika nyuma ya nyumba, barua. Jirani akijenga chumba cha kupangisha mpaka kwenye ukuta wake, barua. Lakini barua zenyewe zilikwisha kwa dakika kumi. Muda uliobaki aliutumia kukaa kando ya printa na kusoma karatasi za watu wengine, bila kuomba ruhusa, akiwa na kalamu nyekundu.

Siku moja ilikuja familia ya Ziwani kuchapisha ratiba ya mazishi. Binti wa marehemu ndiye aliyeniandikia maneno kwenye simu, nami nikayaingiza kama yalivyokuwa. Nakala ya kwanza ilipotoka, mpiga taipu akaichukua kabla yangu.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, Madam," binti akasema.

"Hapa umesema baba yako aliaga duni."

"Watu wataelewa tu."

"Wataelewa kwamba hamkusoma. Mtu hufa mara moja, na hiyo mara moja yenyewe imewashinda kuiandika."

Binti alilia mpaka kamasi zikamshuka, na mpiga taipu akasogeza kiti chake nyuma ili zisimfikie. Nilimchukia siku ile. Nilirekebisha neno, nikawapa nakala zao, nikaomba msamaha kwa niaba ya mtu asiyeomba msamaha. Wiki mbili baadaye binti alirudi akimtafuta. Alitaka kumshukuru. Alisema mchungaji aliisoma ratiba yote bila kukwama, na wajomba zake, watu wa kulaumu, hawakupata pa kushika. Nilipomfikishia mpiga taipu shukrani hizo, aliuliza tu kama nimebadilisha wino.

"Kosa lililochapwa limeshazaliwa," alikuwa akisema. "Huwezi kulirudisha tumboni."

Alilisema hilo mara nyingi sana. Nililiandika kwa herufi kubwa na kulibandika juu ya printa, nikijivunia kuwa na mwalimu wa namna hiyo. Sasa nikikumbuka jinsi alivyolisoma pale ukutani, akatikisa kichwa, akasema herufi hazikulingana, naona haya.

Kazi yake ya zamani ilikuwa katika ofisi moja ya serikali, kwenye chumba cha wapiga taipu. Mkuu wake alikuwa akimsomea maelezo ya mipaka ya wilaya, yeye akiyaandika kwa hati mkato, zile alama za haraka zinazofanana na nyayo za kuku. Kisha aliyapiga taipu ili yapelekwe kuchapishwa. Wilaya nyingi za wakati ule ndizo kaunti za leo, na mipaka ni ileile. Kwa hiyo kuna milima na mito katika nchi hii ambayo ilipita kwenye vidole vyake kabla ya kuwa sheria.

Aliikumbuka. Akisubiri barua yake, alinikariria kwa Kiswahili chake mwenyewe yale aliyoyapiga kwa Kiingereza: kutoka kileleni, kufuata mgongo wa mlima pale maji yanapogawanyika, kisha kushuka na bonde hadi mito miwili inapokutana. Sauti yake ililainika akisema hayo, na nilikuwa napunguza kasi ya printa makusudi ili nisikie zaidi. Mimi nimekulia katika nyumba za mawe na barabara za lami. Mlima niliokuwa naujua ni wa takataka. Lakini mdomoni mwake nchi ilikuwa kitu kimoja kilichoshonwa vizuri, uzi wa mto ukiingia katika uzi wa mlima.

"Umewahi kufika huko, Madam?"

"Kufanya nini? Kuna siafu."

Hakuwahi kufika hata kwenye mpaka mmoja. Mto pekee alioufahamu ni ule unaopita nyuma ya viwanda karibu na mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, mweusi, wenye povu na mizoga, na alipouvuka alijiziba pua kwa kile kitambaa mpaka afike ng'ambo.

Mukuru ndiko alikotoka Nduku, mwanamke aliyemfulia nguo kwa miaka kumi na moja. Nduku alikuja kwa miguu kila Jumamosi asubuhi. Mpiga taipu alimkataza kuingia kwa viatu, akamkataza choo cha ndani, akamwekea kigoda chake uani ambacho mtu mwingine hakukikalia. Nilimwona kwa macho yangu akimwagia kigoda kile dawa ya kuua viini baada ya Nduku kuondoka. Nikamwambia Nduku atafute kazi kwingine.

"Ana shida zake," Nduku akanijibu. "Lakini nyumba zetu zilipobomolewa, nani alinichukua? Si wewe."

Ilikuwa kweli. Matingatinga yalipopita Mukuru, mpiga taipu alimpa Nduku na watoto wake watatu kile chumba cha mbele alichokuwa akikipangisha, akawaweka miezi saba. Aliwapa pia orodha ya masharti, imechapwa, kurasa mbili, na sharti la kwanza lilihusu kucha. Mtu ambaye angeweza kufanya mambo hayo mawili kwa siku moja sikuwahi kumwelewa, na huenda ndiyo maana nilimvumilia.

Katika saiba kuna televisheni ndogo niliyoitundika juu ya mlango. Mwaka juzi, siku ya kazi tu, mchana, habari zilionyesha mahali panapoitwa Mlangoni. Ni pengo kati ya milima miwili, njia ya pekee ya gari upande ule, na kaunti mbili zinapakana hapo. Mgongo wa mlima wa kaskazini unateremka mpaka kwenye chemchemi. Kutoka chemchemi hiyo vinatoka vijito viwili, kimoja cha mashariki na kimoja cha magharibi, na vyote viwili vinashuka hadi penye pengo. Kati ya vijito hivyo pana ulimi wa ardhi wenye nyumba za watu, shule na zahanati moja.

Maelezo ya mpaka, mtangazaji alisema, yanafika kwenye chemchemi, kisha yanasema "kufuata kijito hadi penye pengo". Kijito kipi, hayasemi. Kwa hiyo kila kaunti ilichagua kijito kilichoifaa palipokuwa na faida, na ilipokuja zamu ya gharama kila moja ikachagua kingine. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa sababu kaunti moja ilimwondoa muuguzi na nyingine ikakataa kumleta wake. Mwanamke mmoja wa pale, Esta, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ambulensi ya upande mmoja ilifika kwenye daraja la kijito ikasimama, dereva akisema ameambiwa asivuke. Esta alitembea kuifuata. Alijifungulia barabarani, juu ya kokoto, na mtoto akaishi siku mbili.

Wateja walikuwa wakisonya. Kijana mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akasema, "Hii serikali ni takataka, buda." Nilikuwa nikikubaliana naye nilipogeuka nikamwona mpiga taipu amesimama. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama gazeti la zamani. Alitoka bila barua yake. Kitambaa chake kilianguka sakafuni penye mlango na hakurudi kukiokota.

Wiki tatu hakuonekana. Nikaenda kwake Jumamosi na barua yake pamoja na kitambaa, nikidhani ni mgonjwa. Nduku alikuwa uani na beseni. Mpiga taipu alinikaribisha sebuleni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na juu ya meza palikuwa na daftari la jalada la kijani, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai.

"Soma hapa," akasema.

"Siwezi kusoma hati mkato, Madam."

Akanisomea yeye, kidole kikipita juu ya zile nyayo za kuku. "Kisha kufuata mgongo wa mlima hadi kwenye chemchemi. Kisha kufuata kijito cha mashariki hadi mwamba mweupe. Kisha kufuata kijito hadi penye pengo." Akarudisha kidole mwanzo wa mstari. "Umesikia? Kisha kufuata kijito, kisha kufuata kijito. Jicho liliondoka kwenye la kwanza likarudi kwenye la pili. Mstari mmoja nikauruka."

Ilinichukua muda kuelewa anachoniambia. Nilidhani anamlaumu mtu mwingine.

"Uligundua lini?"

"Jumatatu iliyofuata. Nilikuwa nalinganisha nakala ya kaboni."

"Na karatasi zilikuwa zimeshachapishwa?"

"Bado. Zilikuwa mezani kwa mkuu."

Alinieleza vizuri tu, bila machozi, kama mtu anayeeleza namna ya kupanga aya. Wiki ile ndiyo waliyokuwa wakichagua msimamizi wa chumba cha wapiga taipu. Mkuu alikuwa mtu wa kurusha karatasi zenye makosa usoni mwa aliyezipiga. Wanawake wengine chumbani walikuwa wakingoja aanguke. Akairudisha nakala kwenye jalada, akanyamaza, akapewa usimamizi. Akawasimamia wapiga taipu wengine kwa miaka kumi na tisa, akiwaadhibu kwa herufi moja iliyopinda.

"Lakini umekuwa ukijua," nikasema. "Miaka yote hii, ukiona habari za huko, ukinisahihishia matanga ya watu, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na yule mtoto?"

Akalifunga daftari. "Mimi sikumfunga mtu zahanati. Si mimi niliyesimamisha ambulensi. Wanaume wazima wenye macho wamesimama mbele ya vijito viwili, wanashindwa kuulizana."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulionichefua zaidi. Nilimwambia alipeleke daftari kwa wanaohusika. Akasema hati mkato ya mwanamke mmoja si ushahidi. Akasema watamcheka. Akasema, na haya sitayasahau, kwamba jina lake lilikuwa safi katika ofisi ile na hataki liokotwe sasa kutoka kwenye matope. Nilisimama. Nilihisi kama nimekaa muda mrefu katika chumba ambacho panya amefia chini ya kochi, na sasa tu ndipo nimejua harufu inatoka wapi. Nilimwambia asikanyage tena saiba yangu. Nikabandua yale maneno juu ya printa jioni ileile.

Sijajitoa lawamani. Ningeweza kwenda mwenyewe kutoa taarifa, nami sikwenda. Nilijiambia kwamba siri si yangu, nikaendelea kupiga picha za pasipoti.

Aliyefanya kitu ni Nduku. Dirisha la sebule lilikuwa wazi siku ile, naye alikuwa anafua chini yake, akasikia yote. Aliacha nguo zimelowekwa, akavaa viatu, akaenda zake Mukuru. Hakusema neno na hakurudi tena. Hayo mpiga taipu aliniambia mwenyewe baada ya siku tano, amesimama nje ya mlango wa saiba bila kuingia, kwa sababu nilimkataza.

"Nguo zimekaa kwenye beseni," akasema. "Maji yamechacha. Nimeingiza mkono nikatapika."

Niliendelea kupanga karatasi kwenye printa.

"Kuna kamati inakusanya maoni Mlangoni mwezi ujao. Nimesoma gazetini. Mtu akitaka kufika huko anaenda vipi?"

Nikitanguliza yaliyotokea baadaye, kamati ililichukua daftari. Ilimtafuta mtu mwingine aliyejua hati mkato za zamani, naye akausoma mstari uleule. Miezi kadhaa baada ya hapo kaunti ya magharibi ilikubali kwamba ule ulimi wa ardhi ni wake, ikamrudisha muuguzi. Karani wa kamati ndiye aliyenipigia simu kuniambia. Kaunti hizo bado zinagombana, sasa ni juu ya machimbo ya mawe, lakini zahanati iko wazi. Mpiga taipu nilipompelekea habari hizo alisikiliza mlangoni, akasema vyema, akafunga mlango. Siku hizi miguu yake haimruhusu kutoka. Sijamsamehe, kama nina haki yoyote ya kusamehe, na sijui kwa nini huwa nampelekea mkate.

Lakini ninapomkumbuka, namkumbuka Mlangoni.

Nilimpeleka kwa gari la jirani, tukaondoka alfajiri. Tulipofika, upepo ulikuwa mkali na milima yote miwili imefunikwa ukungu nusu. Alishuka, akatazama kaskazini. Mgongo wa mlima ulikuwa pale, ukishuka kama alivyokuwa akiusema. Chemchemi haikuonekana, ila vijito vyake vilionekana, vyembamba mno, mtu angeweza kuviruka bila kukunja suruali. Alivitazama kwa muda mrefu, kimoja, kisha kingine.

"Ni vidogo hivi," akasema.

Kamati ilikaa kwenye baraza ya zahanati iliyofungwa. Wenyeji walijaza uwanja. Kwa kuwa tulikuwa wageni tulipewa benchi la mbele, na mwanamke mwembamba mwenye sweta ya bluu akatuletea chai ya maziwa katika vikombe vya bati. Mzee mmoja akamwita kwa jina, ndipo nikajua kwamba huyu ndiye Esta. Mpiga taipu naye alisikia. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakiweka mezani bila kunywa.

Zamu yake ilipofika alikataa kipaza sauti. Alifungua daftari akajitambulisha kwa kazi yake ya zamani. "Mstari unaowasumbua ulikuwepo," akasema. "Mimi ndiye niliyeuruka nilipopiga taipu. Nilijua kabla haujachapishwa, nikanyamaza ili nipandishwe cheo."

Mwenyekiti wa kamati aliinamia karatasi zake. Esta alikuwa amesimama kando na birika, akaliweka chini.

"Umejua tangu wakati huo?" akauliza.

"Tangu wakati huo."

"Na ulisikia habari yangu?"

"Nilisikia. Nilikaa wiki tatu ndani ya nyumba."

Esta akasogea mezani, akakichukua kikombe kilichokuwa mbele ya mgeni, akaimwaga chai kwenye nyasi taratibu mpaka tone la mwisho. Kisha akaingia nacho nyuma ya jengo. Kwa watu wetu jambo hilo halifanywi kwa mgeni, hata adui. Hakuna aliyemkemea, wala mimi sikuona sababu ya kumkemea.

Mpiga taipu akamgeukia karani. "Andika," akasema. "Kisha kufuata kijito cha mashariki hadi mwamba mweupe."

Sauti yake haikutikisika, na nilizidi kumchukia kwa hilo. Kisha nikasikia kitu kikidondoka chini ya benchi. Nilitazama. Mkojo ulikuwa unatiririka kutoka kwenye pindo la sketi yake, ukipita juu ya soksi na viatu vyake vilivyong'arishwa, ukitengeneza dimbwi kwenye saruji. Waliokaa karibu waliona. Mtoto mmoja akaziba pua. Yeye aliendelea kusoma, kidole kikitembea juu ya ukurasa, shingo imejaa jasho.

Nilipaswa kuinuka. Nilikaa, nimekunja uso kama wengine.

Esta ndiye aliyerudi. Alipita katikati ya watu na leso kuukuu mkononi, akaitupa kwenye mapaja ya mpiga taipu.

"Jifunge," akasema, bila kumtazama usoni, akarudi alikotoka.

Mpiga taipu akasimama mbele ya watu wote, akajifunga ile leso kiunoni, akaketi tena palepale penye unyevu. Akamuuliza karani amefikia neno gani.